Siku Don Lute Alipovaa Kengele

Don Eleuterio Maidana, ambaye kwetu hata padri humwita Don Lute, ameanguka kutoka mgongoni mwa farasi mara nyingi kuliko alivyoingia kanisani, na kila mara aliinuka akicheka, hata ile siku aliyoinuka na mfupa wa bega ukichungulia nje ya shati. Nyoka anamshika mkia na kumtupa majini. Radi ikipasua mti uani, yeye anauliza kama maji ya yerba mate, ile chai yetu chungu, yamechemka. Lakini mwambie kwamba farasi jike fulani anakaribia kuzaa, hata awe wa jirani, hata awe wa jimbo la pili, utaona mzee mzima anageuka rangi ya jibini na kukumbuka ghafla kwamba kuna seng'enge ya kukagua kule mbali.

Sababu inajulikana. Hapa pembezoni mwa vinamasi vya Iberá, mtu wa farasi hachungi farasi wake kwa kamba. Ana kundi lake la farasi maksai, yaani madume waliohasiwa, wa rangi moja akijaliwa, na mbele yao jike mmoja aliyevishwa kengele shingoni. Huyo jike tunamwita mama wa ubatizo wa kundi. Maksai hawana wake, hawana watoto, hawana kazi nyingine duniani ila kutubeba sisi mchana na kumpenda yeye usiku. Anakokwenda wanakwenda. Wakipoteana kwenye ukungu, wanasimama, wanasikiliza kengele, wanamfuata. Akifa yeye, kundi ni shanga zilizokatika uzi.

Uzi wa Don Lute ulishakatika mara moja. Alikuwa kijana bado, ameondoka na ng'ombe wa watu kwenda mnadani, na jike wake wa wakati huo, Tijereta, akashikwa na uchungu peke yake porini. Mtoto alikwama. Don Lute aliporudi alikuta tai, na maksai wake wamesimama duara kuuzunguka mzoga, wamekonda, hawataki kuondoka. Halafu wakaondoka. Kila mmoja na njia yake. Wengine walikamatwa kwenye seng'enge za watu, wengine waliishia kwa wachinjaji, na Don Lute akaishi majira mawili ya baridi akichimbia watu mashimo ya nguzo, akitembea kwa miguu. Kwetu mwanamume asiye na farasi huulizwa habari za viatu vyake kabla ya habari za nyumbani. Yeye hasimulii. Anayesimulia ni mkewe, Ña Hermelinda, na husimulia kwa kukosea makusudi, ili mzee alazimike kumsahihisha.

Sasa jike wake ni Calandria, wa kijivu chenye madoa kama maziwa yaliyoganda, na nyuma yake maksai kumi na mmoja wa kijivu vilevile. Calandria amezeeka. Kengele haiwezi kurithiwa na mgeni. Inatakiwa jike aliyezaliwa chini yake. Kwa hiyo mwaka jana Don Lute alimpeleka mwenyewe kwa dume la jirani, na hofu ikamwingia njiani wakirudi.

"Miezi kumi na mmoja hajalala," Ña Hermelinda aliniambia. "Mimi nilipokuwa na mimba ya Nicanor alikoroma mpaka mtoto akazaliwa na hasira."

Mimi ni Delfina, binti wa ubatizo wa Don Lute. Nilisoma utabibu wa mifugo huko mjini na nikaacha katikati, jambo ambalo kijiji kizima kimelifanya kitoweo. Wananiuliza nilisoma nusu ipi ya mnyama, ya mbele au ya nyuma. Don Lute alikuwa anacheka kuliko wote. Lakini kiwele cha Calandria kilipoanza kujaa, alikuja kwetu mwenyewe, kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Binti," alisema, "hiyo nusu yako. Njoo nayo ukalale kwetu siku mbili tatu."

Nikaunganisha viganja kama inavyompasa mtoto mbele ya mzazi wa ubatizo, nikaomba baraka, akanipa haraka haraka kama mtu anayelipia nauli, na tukaondoka.

Asubuhi ya siku yenyewe, chuchu za Calandria zilikuwa na matone yaliyoganda kama nta. Hiyo ni dalili. Nyama za chini ya mkia zimelegea, nazo ni dalili. Alikuwa katika zizi dogo nyuma ya jiko, kengele shingoni, anatembea, anasimama, anajitazama ubavuni kama mtu aliyesikia hodi. Maksai walikuwa wamefungiwa zizi la mbali, nyuma ya mikaratusi, na tangu alfajiri walikuwa wamejipanga kwenye seng'enge, masikio yote upande wetu.

"Baba," nikasema, "tumvue kengele."

Don Lute alikuwa anaweka tumbaku juu ya nguzo, ya yule jini mfupi wa porini, Pombero, ambaye hupita saa za watu kulala mchana na kusuka singa za farasi mafundo. Siku hiyo aliweka tumbaku mara mbili ya kawaida na kikombe cha pombe ya miwa pembeni.

"Hivyo atalewa," Ña Hermelinda alisema kutoka dirisha la jiko. "Atakuja kusuka mpaka ndevu zako."

"Tumvue kengele," nikarudia. "Akianza kulala na kuinuka itampigia kelele. Na wale kule wataisikia."

"Ndiyo nataka waisikie! Wakiisikia wanajua yupo, wanatulia. Kengele haivuliwi, Delfi. Tangu nimemvisha haijavuliwa. Kengele ikivuka shingo, kundi limefunguka."

"Nani kasema?"

"Wote waliosema wamekufa, kawaulize."

Na kwa kweli asubuhi ile kengele ilikuwa ikilia taratibu, ng'o-ng'o, kisha ng'o, halafu kimya anapoinama, na maksai walikuwa wametulia. Mtu yeyote wa hapa angefanya alivyofanya. Hilo ndilo kosa letu sote: tunaijua kengele ya farasi anayekula majani. Ya farasi mwenye uchungu hakuna aliyewahi kukaa kuisikiliza.

Majike karibu wote huzaa gizani, wakijificha na macho ya watu. Calandria alichagua saa nane mchana, jua limeganda, kuku wamelala vinywa wazi, kijiji chote kimefunga madirisha. Nilikuwa kwenye kivuli cha jiko na kipande cha chipá, mkate wetu wa muhogo na jibini, mdomoni nilipoona jasho. Halikuwa la jua. Lilimtoka nyuma ya viwiko, likashuka mbavuni kama mtu amemmwagia ndoo. Akajiangusha chini, kengele ikagonga udongo. Akainuka. Akajiangusha tena. Chupa ikapasuka, maji yakamwagika hadi miguuni kwangu, na kipande cha chipá sijui kilikwenda wapi mpaka leo.

"Mama! Ndoo na sabuni!"

Ña Hermelinda alikuwa ameshatoka nayo. Akakamata mkia wa Calandria akaufunga kitambaa kama anafunga zawadi. Mimi nikatazama. Mtoto wa farasi akija vizuri anakuja kama mtu anayepiga mbizi: kwato mbili mbele, pua juu ya magoti. Nikaona utando mweupe, ukaja ukwato mmoja, laini kama uyoga. Halafu ikaja pua.

Nikasubiri ukwato wa pili.

Calandria akasukuma. Pua ikasogea, ulimi umetoka pembeni, wa bluu. Ukwato bado mmoja.

"Wa pili uko wapi?" Don Lute aliuliza. Alikuwa amesimama nje ya zizi, vidole vimeshika mti wa juu, na sikuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwake. Ilikuwa sauti ya mtoto.

"Umekunjika ndani."

"Kama yule."

"Sijui kama yule, baba, yule sikumwona."

"Mtoto wa Tijereta, mguu mmoja ulikuwa umetoka. Tai walikuwa wame..."

"Lute!" Ña Hermelinda alimkatiza. "Tai wasubiri zamu yao. Shika kichwa cha farasi wako."

Daktari wa mifugo yuko mjini, mwendo wa saa mbili barabara ikiwa kavu, na haikuwa kavu. Na jike si ng'ombe. Ng'ombe anaweza kukaa na uchungu tangu chakula cha mchana hadi cha usiku, mkacheza na karata. Kwa farasi, chupa ikishapasuka mlango unaanza kufungwa. Robo saa, nusu saa. Baada ya hapo unamtoa mtoto aliyekufa, na ukizubaa unatoa na mama yake.

Nikapaka sabuni mpaka begani, nikapiga magoti nyuma yake. Na hapo ndipo niliposikia kengele. Namaanisha nilikuwa naisikia muda wote, ila sasa niliisikia kama wengine walivyokuwa wanaisikia. Calandria alikuwa anajigaragaza, anatupa shingo huku na huku, na ile kengele ilikuwa inalia kama kanisa linaloungua. Haikuwa tena ng'o, ng'o, nipo. Ilikuwa: njooni.

Na wakaja.

Kwanza ulikuwa mlio mmoja, wa Sargento, maksai mkubwa anayelala karibu naye. Halafu nyuma ya mikaratusi seng'enge ikalia kama uzi wa gitaa ukikatika. Halafu ardhi. Nilikuwa nimepiga magoti, nikaihisi kwenye mifupa kabla ya masikio. Kumi na mmoja, wa kijivu, masikio yamelala nyuma, wawili wana damu kifuani, wanatimua mbio kuelekea kwenye zizi ambalo uzio wake ni miti mitatu na sala.

Watu wasiojua hufikiri maksai watakuja kumsaidia. Watakuja kumpenda, ndiyo ubaya wenyewe. Kila mmoja anataka kusimama karibu zaidi, na wanasogezana kwa mateke na meno. Kitu kidogo chenye maji kikitoka chini ya mama yao hawakijui ni nini. Jirani mmoja aliwahi kuokota mtoto wa jike wake kwa koleo.

Walifika, wakapiga vifua kwenye miti, na mti wa juu ukalia. Calandria aliwasikia, akainuka na mkono wangu ukiwa ndani yake hadi kwenye kiwiko. Nikavutwa kama gunia. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini, Ña Hermelinda anadai nilimtaja mama wa Pombero. Calandria akaanguka tena, na nikafaulu kuchomoa mkono kabla haujavunjika.

"Waondoe!" nikamwambia Don Lute. "Akiendelea kuinuka siwezi!"

Don Lute hakusikia. Alikuwa ameshika kichwa cha Calandria mapajani, anawatazama maksai wake kama hajapata kuwaona. Mjeledi ulikuwa unaning'inia pale kwenye nguzo. Hakuutazama.

"Mzee," Ña Hermelinda alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha, jambo lililonitisha kuliko seng'enge. "Lute wangu. Hawatoki kwa mjeledi. Unajua watamfuata nani."

Akamtazama mkewe. Akaitazama kengele.

"Ikivuka shingo..." alianza.

"Ikibaki shingoni tunazika watatu, pamoja na Delfina. Vua."

Mkanda ulikuwa umegandamana na miaka ya jasho. Ilibidi mimi, na mikono yangu ya utelezi, nishike upande mmoja na yeye avute kwa meno. Ulipokatika, akaushika ule mkanda na kengele yake kifuani, mkono umeziba ulimi wa kengele usilie, na akakaa vile, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mtu.

Halafu akajivika. Akaufunga shingoni mwake kwa fundo. Akachukua gunia tulilokuwa tunamfutia Calandria jasho, akalitupa mabegani ili anukie kama yeye.

"Baraka, baba," nikamwambia. Nilitaka kutania, kumkumbusha kwamba hajaniaga. Nikaunganisha viganja vyangu vilivyojaa damu na sabuni, na nikagundua kwamba sitanii hata kidogo.

"Mungu akufanye mtakatifu, binti," alisema. Akanitazama, akamtazama farasi wake, na nikaona kwamba anaamini hatamwona tena. Mara ya kwanza jike wake alikufa yeye akiwa mbali. Sasa alikuwa anatakiwa kuondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Akapita chini ya miti ya uzio, upande wa pili, na kutembea.

Sasa niseme hivi: Calandria ana ulemavu kidogo wa mguu wa mbele kushoto, kwa hiyo kengele yake hailii sawa, inagonga mbili, inachelewa, inagonga. Don Lute akatembea hivyo. Mzee wa miaka sitini na nane, gunia mgongoni, kengele kidevuni, anachechemea shambani katika jua lile, ng'o-ng'o, kimya, ng'o, anainama kama anakula majani, anainuka, ng'o-ng'o, kimya, ng'o. Siku nyingine ningelala chini kwa kucheka. Siku ile nilikuwa nalia.

Maksai wakamtazama. Wakamtazama Calandria, ambaye alikuwa chini, kimya, hana kengele. Sargento akanusa hewa. Kengele ikaendelea kwenda. Hakuna aliyeisogelea.

"Nendeni, wapumbavu," Ña Hermelinda alinong'ona. "Nendeni, wanangu."

Sargento akageuka kwanza.

Wakamfuata wote, wamekunja shingo, wakisukumana nyuma yake kama walivyosukumana kwa Calandria. Niliwaza: mmoja akimpiga teke tu kwa wivu. Nikaacha kuwaza. Nikapaka sabuni tena.

Ya ndani nitaeleza kifupi. Unasubiri uchungu ulegee, unamsukuma mtoto arudi alikotoka, kitu ambacho kila kiungo chako kinakwambia ni dhambi. Unafuata shingo yake, bega, unashuka. Giza, joto, na kila akisukuma mfupa wako unabanwa mpaka unaona nyota. Nikapata goti. Goti halina faida, unahitaji ukwato, na ukiuvuta bila kuufunika kwa kiganja utachana tumbo la mama. Nikaukosa. Nikaukosa tena. Ña Hermelinda alikuwa ameweka paji la uso kwenye paji la Calandria, anamwambia maneno ya Kiguarani ambayo siyaandiki kwa sababu nusu yalikuwa sala na nusu matusi.

"Nusu ya nyuma ulisoma vizuri?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Tulikuwa hatujafika."

"Basi fika."

Nikaufunika. Nikaukunja, nikauleta, na ghafla kulikuwa na kwato mbili. Calandria akasukuma mara moja, mara mbili, na mtoto mzima akanijia mapajani, mrefu, mweusi, moto, na hapumui.

Nikapasua utando puani. Nikafuta makamasi. Nikamsugua mbavu kwa gunia jingine kama mtu anayesugua sufuria lililoungua. Hakuna kitu. Ulimi bado bluu. Nikachukua ujiti wa majani makavu nikamchomeka puani, nikazungusha. Hakuna kitu.

"Delfi."

"Najua."

"Delfi, mtoto..."

"Najua, mama!"

Nikazungusha tena. Akapiga chafya.

Sijawahi kusikia chafya nzuri kama ile na sitaki kusikia nyingine. Akapiga ya pili, akatikisa masikio, akavuta hewa kwa sauti ya mlango wenye kutu. Calandria akageuza shingo, akamlamba. Kitovu kikakatika chenyewe, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha iodini. Ña Hermelinda akakaa chini udongoni na sketi yake nzuri, akaanza kujipungia kwa kofia ya mumewe iliyoanguka.

Halafu akaacha kupunga.

"Kengele," alisema.

Tulikuwa tunaisikia kwa mbali muda wote, upande wa kinamasi. Sasa haikuwepo. Tukangoja. Tulijua jinsi ya kungoja. Inagonga mbili, inachelewa. Ikachelewa. Haikugonga.

"Labda anapumzika," nikasema.

"Wakiwa kumi na mmoja nyuma yake?"

Kulikuwa na kazi, na kazi ilikuwa inaenda vibaya. Calandria alitoa kondo la nyuma, zima, nililitandaza na kulikagua kila pembe kama shuka la hotelini. Hilo lilikuwa jema. Mtoto alisimama, akaanguka, akasimama na miguu minne kila mmoja una safari yake. Hilo nalo jema. Lakini hakunyonya. Mtoto wa farasi anazaliwa hana kinga yoyote mwilini. Yote imo kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, na asipoipata mapema, anakufa siku ya tatu akiwa mzuri vilevile. Huyu alinyonya mti wa uzio. Akanyonya ukuta wa jiko. Akanyonya sketi ya Ña Hermelinda. Kwa mama yake akafika mara moja, na Calandria, aliyekuwa ameinua kichwa anatafuta kundi lake na kengele yake, akazunguka akampita. Nilijaribu kumkamua, akapiga ndoo teke, dang'a yote ya njano ikanywewa na udongo. Nilimsukuma mtoto kwenye kiwele, akakaza shingo, akakataa. Jua likaanza kuteremka. Kila akianguka alikaa chini muda mrefu zaidi, na mara ya mwisho hakuinua kichwa.

Ndipo Don Lute akatokea nyuma ya jiko, kimya kabisa, matope hadi kiunoni, peke yake. Kengele ilikuwa bado shingoni. Ameijaza majani.

Ña Hermelinda alimwendea akampiga kofi zito begani, kwenye bega lile lililovunjika.

"Kimya cha nini? Nimekuzika huko! Nimeshachagua na nguo!"

"Nimewafungia kwenye zizi la kisiwani, ng'ambo ya maji," alisema. Sauti ilikuwa imemwisha. "Nisingeinyamazisha wangenifuata tena. Amekufa?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo, bibi. Calandria."

"Huyo hapo, mzee, ana miguu minne."

Halafu alimwona mtoto chini na akachuchumaa pale alipokuwa, hakukaribia, na rangi ya jibini ikamrudia. Nikamweleza. Hajanyonya. Anadhoofika. Sina jingine ninalojua.

"Mvishe basi mama yake kengele," Ña Hermelinda alisema. "Labda atatulia."

Don Lute akafungua fundo. Alipoinama, shada la majani likadondoka, na kengele ikagonga mara moja.

Mtoto akainua kichwa.

Masikio yote mawili yakageuka kwa mzee kama yamevutwa na uzi mmoja. Hakuna aliyepumua. Miezi kumi na mmoja mle gizani, sauti gani nyingine aliijua?

"Tena," nikanong'ona.

"Wataisikia," Don Lute alisema, akiangalia upande wa maji. Alisema kweli. Upepo ulikuwa unaelekea huko.

"Tena, baba."

Akapiga magoti kando ya Calandria, akatambaa chini ya tumbo lake, mahali ambapo mtu mwenye akili haweki kichwa, akaishika kengele kwa vidole viwili karibu na kiwele. Ng'o-ng'o. Akachelewa. Ng'o. Polepole kama anayemgongea mgonjwa. Calandria, kwa sauti hiyo, akatulia kama amemwagiwa maji ya baridi. Mtoto akajikusanya, akainuka, akayumba, akaja. Akapita sikio la Don Lute, akalinyonya kidogo. Akapita kengele, akainyonya. Akapata chuchu.

Tulisikia akimeza.

Don Lute hakuthubutu kuacha. Jasho lilimtiririka, na kila alipogonga alitazama upande wa maji. Mara moja tulisikia mlio huko mbali, wa Sargento bila shaka, na Don Lute akaifunika kengele kwa kiganja. Mtoto akaacha kunyonya, akaanza kutafuta. Mzee akaifunua. Ng'o-ng'o.

Ña Hermelinda aliinama kuchungulia chini ya mkia mdogo uliokuwa unapunga.

"Lute."

"Nini?"

"Ni dume."

Akagonga. Akachelewa. Akagonga.

"Nimeona," alisema. "Nimeona tangu aliposimama."

"Kengele haitamfaa, basi. Mwaka ujao itabidi umpeleke mama yake tena."

Don Lute alibaki vile, amelala chali chini ya farasi wake, rangi ya jibini, maziwa yakimdondokea ndevuni, anagonga kengele. Tulimtoa pale giza lilipoingia. Vidole vilikuwa vimekakamaa, ikabidi nivifungue kimoja kimoja.